Nageti ya Kuku: Tuijue Kwanza Kabla ya Kuihukumu



Ndugu zangu katika imani, kati ya maswali yanayorudi kila mara katika darasa zetu za baada ya Isha ni hili la nageti za kuku. Mmoja huuliza kama ni halali. Mwingine hudakia kwamba hata kuku mwenyewe si kuku, ni ngozi na mifupa iliyosagwa. Wa tatu hutoa simu na kuonyesha picha ya ule uji mzito wa rangi ya waridi unaotoka kwenye bomba kama dawa ya meno. Dakika kumi baadaye darasa limegeuka mnada. Wanavyuoni wa usuli wametufundisha kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Asiyejua kitu kilivyo hana la kusema juu ya uhalali wake. Basi leo tuanze kiwandani, na fiqhi ije baadaye.

Nageti haikubuniwa na mpishi wa mgahawa. Aliyefungua njia ni profesa, Robert C. Baker, mwalimu wa sayansi ya chakula katika Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca, jimbo la New York. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wafugaji wa Marekani walikuwa na kuku tele kuliko wanunuzi. Kuku aliuzwa mzima. Mwenye kumnunua alitakiwa amkate, amtoe mifupa na kumkalia jikoni muda mrefu. Nyama ya ng'ombe ya kusaga ilikuwa nyepesi zaidi: unaitia kikaangoni, watoto wanakula. Kazi aliyopewa Baker ilikuwa kuwatafutia wafugaji wa jimbo lake namna ya kumuuza kuku katika sura nyingine. Alitengeneza soseji za kuku na vyakula vingine vingi vya kuku, na mwaka 1963 chuo chake kikachapisha maelezo ya kitu alichokiita kijiti cha kuku. Hicho ndicho babu wa nageti.

Kulikuwa na mafundo mawili ya kufungua. La kwanza: nyama ya kusaga haishikani yenyewe bila kutiwa ndani ya ngozi kama soseji. La pili: ukiipaka rojo la unga kisha ukaigandisha na kuikaanga, nyama hunywea na ganda hubanduka. Fundo la kwanza Baker alilifungua kwa kusaga nyama mbichi pamoja na chumvi na siki, kisha akatia unga wa maziwa na nafaka iliyosagwa. Wenzetu wanaosoma sayansi ya chakula wanajua kinachotokea hapo: chumvi huivuta protini ya misuli, hasa mayosini, ikatoka na kuwa kama gundi, na ikipata moto hushika moja kwa moja. Fundo la pili alilifungua kwa kuvigandisha vijiti kwanza, akavichovya kwenye rojo la yai na kuvigaragaza kwenye chenga za nafaka, kisha akavigandisha tena. Hakujiandikishia hataza. Chuo kilitoa maelezo yale bure kwa kila aliyeyataka, na kampuni zikachuma.

Mwaka 1977 kamati ya Seneti ya Marekani ilitoa mwongozo wa lishe uliowahimiza wananchi wapunguze mafuta ya wanyama. Kwa McDonald's, ambayo riziki yake ilikuwa nyama ya ng'ombe, hiyo ilikuwa habari mbaya. Mpishi wake mkuu, Rene Arend, mzaliwa wa Luxembourg, akapewa kazi ya kubuni chakula cha kuku kinacholiwa kwa mkono. Majaribio yalianza kuuzwa mwaka 1980, na kufikia 1983 zilikuwa zikipatikana Marekani nzima. Jina lenyewe, kwa Kiingereza, maana yake ni bonge dogo la dhahabu, na kwa upande wa hesabu za kampuni hilo halikuwa mbali na ukweli.

Safari ya kuku

Kuku wa nageti ni kuku wa kisasa wa nyama, anayefika uzito wa kuchinjwa akiwa na wiki sita au saba hivi. Machinjioni hutundikwa miguu juu, kichwa chini, kwenye pingu za chuma zinazotembea kwa mnyororo. Katika viwanda vingi vya Marekani na Ulaya, kabla ya kisu hufika kwanza kwenye birika la maji lenye umeme. Kichwa kinazama, mkondo unapita mwilini, kuku anapoteza fahamu. Kisha shingo hupita kwenye kisu cha duara kinachozunguka, damu hutiririka kwa dakika moja au mbili, mwili huingia maji ya moto ili manyoya yalegee, unanyonyolewa na mashine za vidole vya mpira, unatolewa matumbo, na unapoozwa hadi nyuzi joto nne hivi ili vijidudu kama salmonela visipate nafasi. Kwa Marekani kasi ya kawaida inayoruhusiwa katika mistari hiyo imefika kuku 140 kwa dakika, na viwanda vyenye kibali maalumu hufika 175. Ndugu msomaji, iweke akilini namba hiyo. Tutairudia tukifika kwenye bismillahi.

Baada ya hapo kuku hukatwa vipande. Kidari kizima huuzwa ghali kikiwa kidari. Kiwanda cha nageti huchukua kidari, ule mnofu mdogo ulio chini yake, nyama ya mbavuni na vipande vilivyobaki kwenye kukata, na mara nyingi ngozi kiasi, kwa kuwa ngozi ndiyo yenye mafuta na mafuta ndiyo yenye ladha. Vyote hupitishwa kwenye kinu, lakini havisagwi vikawa uji. Mashine huacha punje za kutosha ili mlaji akitafuna ahisi anatafuna nyama.

Kisha huja pipa la kuchanganyia. Humo hutiwa maji, chumvi, wanga, viungo na fosfeti. Fosfeti ni chumvi za madini zinazoisaidia nyama kushika maji, ndiyo maana nageti haikauki hata ikikaangwa mara mbili. Pia ndiyo maana unalipia maji kwa bei ya kuku, ingawa hilo kiwanda hakiliandiki kwa herufi kubwa. Mchanganyiko hupoozwa hadi karibu na kuganda au chini kidogo ya hapo, mara nyingi kwa kutiwa hewa ya kaboni iliyogandishwa, kwa sababu nyama ya vuguvugu haikubali umbo. Mashine inaisukuma kwenye bamba lenye matundu, na vipande vinaanguka kwenye mkanda vikiwa na maumbo yale yale. McDonald's wanayo manne tu: kengele, buti, mfupa na mpira. Kama uliwahi kudhani kila kipande kina umbo lake kwa bahati, sivyo. Umbo moja huiva kwa muda mmoja, na kwa mwenye kiwanda hilo ni jambo kubwa.

Vipande hupita kwenye unga mkavu, kisha rojo, kisha pengine unga au rojo la pili. Rojo hilo mara nyingi lina hamira ya unga, ili ganda liumuke na kuwa jepesi. Halafu vinapita kwenye mafuta ya moto, nyuzi 180 hadi 190, kwa nusu dakika hivi. Mkaango huo ni wa kushikisha ganda tu. Viwanda vingine huviivisha kabisa katika tanuri kabla ya kugandisha. Vingine huviacha ndani vikiwa vibichi. Kwa hiyo soma maelezo ya boksi la dukani, maana rangi ya dhahabu nje si ushahidi kwamba ndani kumeiva. Mwishoni huingia kwenye chumba cha upepo wa baridi kali, hupitishwa kwenye mashine ya kutambua vipande vya chuma, hufungwa, na kusafirishwa katika nyuzi 18 chini ya sifuri. Mgahawani kijana wa zamu hubaki na kazi ya kutumbukiza kapu kwenye mafuta na kusubiri kengele, dakika tatu au nne hivi.

Na ule uji wa waridi?

Upo. Unaitwa nyama iliyotenganishwa kwa mashine: mifupa yenye masalia ya nyama husukumwa kwa nguvu kwenye chujio, nyama laini ikapita na mifupa ikabaki. Hutumika sana kwenye soseji za bei rahisi, na kwenye baadhi ya nageti za bei rahisi. Sheria za Marekani na za Umoja wa Ulaya zinataka itajwe kwenye orodha ya viungo, na Ulaya hairuhusu ihesabiwe pamoja na nyama ya kawaida. Lakini kusema kwamba kila nageti imetokana nayo ni kusema uongo. McDonald's ya Marekani ilihamia kwenye nyama nyeupe tupu mwaka 2003.

Mwaka huo huo wa 2013 ambao nitautaja tena hapa chini kwa habari nyingine, daktari Richard deShazo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Mississippi walinunua nageti kutoka migahawa miwili ya mji wa Jackson, wakazikata nyembamba na kuzitazama kwa hadubini. Katika ya kwanza karibu nusu ilikuwa misuli. Iliyobaki ilikuwa mafuta, mishipa ya damu na neva. Katika ya pili misuli ilikuwa asilimia 40 hivi, na kilichobaki ni mafuta, gegedu na vipande vya mfupa. Ni nageti mbili tu, na wenyewe hawakudai kuwa wamepima dunia nzima. Hata hivyo inatosha kukuonyesha kwamba neno kuku kwenye boksi lina upana.

Hapa wengi wetu huchanganya mambo mawili. Kinyaa si haramu. Ngozi, gegedu na uboho wa kuku aliyechinjwa kisheria ni halali, viwe vimekatwa kwa kisu au vimekamuliwa kwa mashine. Damu iliyoharamishwa ni ile inayomwagika. Iliyosalia katika mishipa midogo baada ya kuchinja imesamehewa kwa kauli ya wanavyuoni walio wengi. Anayeacha nageti kwa sababu ya afya yake ana hoja nzuri: vipande sita vya McDonald's ya Marekani vina kalori kama 250, na zaidi ya nusu yake hutokana na mafuta. Lakini asituambie ni haramu kwa sababu zina gegedu. Bibi zetu wametafuna gegedu miaka yote.

Panapostahili kusimama

Mahali pa kwanza ni lile birika la umeme. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1099 ya mwaka 2009 inataka kila kuku apate angalau miliampea 100, na zaidi ya hapo kadiri masafa ya umeme yanavyopanda. Kwa masafa ya chini, mkondo wa namna hiyo unaweza kuusimamisha moyo. Kuku akifa majini kabla kisu hakijamgusa, huyo ni kibudu, na hakuna dua itakayombadilisha baada ya hapo. Ndiyo maana Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Jeddah, katika kikao chake cha mwaka 1997, azimio namba 95, liliruhusu mambo fulani kwa wanyama wakubwa na likakataa kuku kupigwa umeme, kwa hoja kwamba uzoefu umeonyesha idadi isiyo ndogo hufa kabla ya kuchinjwa. Vyombo vingine vya halali hukubali umeme hafifu, kwa sharti ithibitike kwamba kuku akiachwa angezinduka. Tofauti hiyo ipo, na muhuri wa halali peke yake haukuambii umefuata upande gani.

Mahali pa pili ni kisu cha mashine. Azimio lile lile lilisema asili ni kuchinja kwa mkono, lakini mashine haina ubaya masharti yakitimia, na kwamba bismillahi moja inatosha kwa kundi linalochinjwa mfululizo. Mfululizo ukikatika, irudiwe. Sisi wengi wa Afrika Mashariki tumelelewa katika madhehebu ya Imam Shafi, ambamo kutaja jina la Allah wakati wa kuchinja ni sunna iliyotiliwa mkazo. Kwa Mahanafi, anayeacha kwa makusudi amekiharibu kichinjo. Kwa hiyo mwenzako akisita pale ambapo wewe husiti, usimbeze. Ila jambo moja madhehebu yetu hayalegezi: koo la pumzi na njia ya chakula lazima vikatike vyote viwili, na kuku awe hai. Kwa kasi ya kuku 140 kwa dakika, kisu cha duara humkosa mmoja hapa, kikamkata mwingine kidevuni pale. Kiwanda makini cha halali huweka Mwislamu mwenye kisu mkononi baada ya mashine ili awamalize waliokoswa. Hilo ni swali zuri la kumuuliza mwenye cheti: yupo huyo mtu, au hayupo?

Mahali pa tatu hatupaoni kabisa. Mwaka 2003 wakala wa viwango vya chakula wa Uingereza ulitangaza kwamba umekuta chembe za nguruwe katika minofu ya kuku iliyotoka Uholanzi, na sehemu ya minofu hiyo ilikuwa imeandikwa halali. Hakuna aliyechanganya kuku na kitimoto kwa kukusudia kuwakosea Waislamu. Walichotaka ni maji: walidunga kuku protini iliyotolewa kwenye ngozi na mifupa ya wanyama wengine, ili nyama ishike maji mengi zaidi na kilo ziongezeke. Tamaa ya mizani ndiyo iliyomfikisha nguruwe ndani ya kuku. Ganda nalo lina mambo yake: E471 huweza kutoka kwenye mafuta ya mimea au ya mnyama, na E920 inayolainisha unga wa mkate huweza kutoka kwenye manyoya ya bata au hata nywele. Orodha ya viungo haikuambii asili yake. Anayejua ni mkaguzi aliyeingia kiwandani.

Na mahali pa nne ni pale dirishani, anapokuhudumia kijana. Dearborn, jimbo la Michigan, ni mji wenye Waislamu wengi, na McDonald's ya hapo ilikuwa ikiuza nageti na sandwichi za kuku kwa jina la halali. Mteja mmoja alifungua kesi akidai kwamba kuku wa halali alipokwisha, aliuzwa asiye wa halali bila wateja kuambiwa. Mwaka 2013 kampuni na mwenye mgahawa walikubali kulipa dola 700,000 bila kukiri kosa, na baadaye nageti za halali zikaondolewa kwenye orodha ya vyakula. Yaani palipo na maboksi ya aina mbili katika friza moja, yote yanategemea uaminifu wa mtu mmoja aliyechoka saa tatu za usiku.

Kwetu hapa

Tusidhani mambo haya ni ya Marekani tu. Brazil ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza kuku nje, na kuku wake wa barafu wamejaa katika masoko ya Kongo. Januari 2022 KFC nchini Kenya iliishiwa chipsi, na watu wakashangaa kusikia kwamba viazi vilikuwa vikitoka Misri, katika nchi inayolima viazi. Chakula cha mgahawa wa kimataifa hufuata mkataba, hakifuati shamba lililo karibu. Basi unapouliza, usiishie kwenye bango la halali ukutani. Uliza: kuku huyu kachinjwa wapi, nageti zimetengenezwa kiwanda kipi, cheti kimetolewa na nani na kinaisha lini? Cheti hutolewa kwa bidhaa fulani na kiwanda fulani, hakiitakasi kampuni nzima. Uganda cheti hutolewa na Baraza Kuu la Waislamu, Tanzania BAKWATA wamo katika kazi hiyo, na muhuri wa nje unaweza kuupeleka kwao wakuambie kama wanautambua.

Wapo watakaosema maswali haya ni kujitia uzito, na wataleta hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) iliyopokewa na Imam Bukhari, ya watu walioletewa nyama na jamaa waliosilimu karibuni, wasijue kama jina la Allah lilitajwa, Mtume (S.A.W.) akawaambia walitaje wao wenyewe na wale. Hadithi ni sahihi na ni rehema kubwa kwetu. Lakini iangalie vizuri: waliochinja walikuwa Waislamu, na shaka ilikuwa juu ya bismillahi tu. Nyama ya muuzaji Mwislamu pale sokoni ile hukumu yake ndiyo hiyo. Usimhoji kama polisi. Nageti ya kiwanda ambacho humjui mchinjaji wake, wala kisu chake, wala umeme wake, ni suala jingine, na hapo hadithi ya mambo yenye kutatiza yaliyo kati ya halali na haramu ndiyo iliyo karibu zaidi. Wallahu aalam.

Kwa ndugu zetu wa hosteli ambao bado roho inataka, njia ya Baker haihitaji kiwanda. Nunua nusu kilo ya mnofu wa kuku unayemjua mchinjaji wake, kidari na paja pamoja. Saga, au katakata kwa kisu hadi iwe laini. Tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kijiko kimoja cha siki, kitunguu saumu na pilipili manga, kisha kanda kwa nguvu mpaka nyama ianze kunata vidoleni. Hapo ujue mayosini imetoka. Fanya vipande vidogo, viweke kwenye friza saa moja. Vigaragaze kwenye unga wa ngano, vichovye kwenye yai lililopigwa, vimalizie kwenye chenga za mkate uliokauka, na ukaange kwa moto wa wastani dakika nne au tano. Kata kimoja katikati kabla ya kuvitoa vyote. Kikiwa bado na uwaridi ndani, virudishe.